Unatoka Mtwara au Lindi unaenda kusoma Ujerumani? Soma hii kabla hujafunga begi

Wadogo zangu wa Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa na kusini kote, kila mwezi wa nane ukikaribia meseji zinakuwa nyingi na wote mnauliza baridi tu. Baridi dawa yake jaketi, na linunue kulekule, mitumba mizuri ipo. Watu wetu wanaumia kwenye pesa na kwenye ukimya wa kule.

Pesa kwanza. Ubalozi wa Ujerumani pale Dar unataka uhakika kwamba una hela ya kuishi mwaka mzima, kama huna skolashipu wala mdhamini unafungua akaunti ya zuio, wenyewe wanaita Sperrkonto, na kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, ukifika unaachiwa 992 kila mwezi basi, huwezi kuchota zote kwa mpigo. Kiwango huwa wanakipandisha kwaiyo hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi. Sasa shughuli iko hapa: masomo ya muhula wa baridi yanaanza mwezi wa kumi, na minada ya korosho nayo ndo inaanza mwezi wa kumi, alafu malipo mpaka yapite AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yamfikie mzee muda umeenda. Kama familia inategemea korosho, hela ya msimu huu ihesabuni kwa safari ya mwakani. Kaeni kikao mapema, na kwenye kikao hichohicho waelezeni wajomba, si mnajua kwetu mjomba ndo mwenye neno, kwamba ile 992 inalipa chumba, bima ya afya na chakula, ya kutuma nyumbani haibaki. Ukisema mbele ya wazee kabla hujaondoka wanakuelewa, ukisema kwa simu ukiwa kule inaonekana umebadilika. Kazi unaruhusiwa, mwisho siku 140 kamili kwa mwaka, ila muhula wa kwanza soma kwanza.

Kwenye begi weka korosho za kukaanga zilizofungwa vizuri, zawadi nzuri kuliko vinyago. Nyama na maziwa usibebe kabisa, forodha ya Umoja wa Ulaya inakataza abiria kuingiza. Unga wa muhogo utaupata maduka ya Waafrika kwenye miji mikubwa, ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, sahau.

Ukishahamia kwenye chumba una wiki mbili tu za kujiandikisha ofisi ya mji, Anmeldung hiyo, na ile karatasi utaulizwa kila sehemu. Nafasi za miadi zinajaa haraka kwaiyo anza kuitafuta mtandaoni mapema.

Sasa ukimya. Huku ukitoka Chikongola mpaka sokoni umeshasalimia watu kibao na shikamoo juu, kule jirani mnayegawana ukuta anaweza akapita hajasema neno na wala hajakudharau, ndo maisha yao, hamsumbui mtu. Anza wewe. Mkikutana kwenye ngazi sema Hallo, na wiki ya kwanza gonga mlango wa jirani, taja jina lako, mpe zile korosho. Baada ya hapo kutembeleana ni kwa kupanga, hodi ya ghafla hawaizoei, unatuma meseji na mnaweza kupangiana hata wiki mbili mbele, na saa kumi ikisemwa ni saa kumi, ukichelewa hata kidogo toa taarifa. Mkienda kula mgahawani kila mtu analipa chake. Ukiwakuta wenzio wanakula jikoni hawatakwambia karibu, we vuta kiti na sahani yako, piga stori. Kama uko karibu na Berlin wapeleke wanadarasa wenzio makumbusho ya Museum für Naturkunde, pale kuna mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na watu wa kusini ndo walioibeba mpaka bandarini. Hapo muongeaji utakuwa wewe.

Darasani profesa muite Herr (bwana) au Frau (bibi) na jina la ukoo, ila kumpinga kwa hoja ruksa, anafurahi kabisa. Ile heshima yetu ya kunyamaza mbele ya mkubwa kule anaihesabu hujasoma. Maksi zao zinaenda kinyume na zetu, 1.0 ndo ya juu, 4.0 ya kupitia, 5.0 umefeli.

Jumapili maduka mengi yamefungwa, nunua mahitaji Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku zima muziki. Chupa za plastiki za maji na soda usitupe, nyingi unarudishiwa senti 25 kila moja dukani.

Giza lenyewe ni zito kuliko baridi, Desemba kule Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni na mtu anaanza kujifungia chumbani bila kujua. Mchana toka nje hata kama hakuna jua, na Ijumaa au Jumapili nenda msikitini au kanisani, watu utawapata huko. Nyumbani panga siku maalumu ya kupiga simu, majira ya baridi huku tunawatangulia masaa mawili na kiangazi lisaa limoja, kwaiyo ukisubiri saa tatu usiku ya kule mama ameshalala.