SOMO: Kuchukua sampuli za THM kwenye maji ya bomba (soma kabla hujaniuliza inboksi)

Wiki hii peke yake watu sita wameniuliza jambo lilelile, wengine wakiwa tayari wameshachukua sampuli na kuziharibu. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Kwa walio wageni: klorini tunayotia kwenye maji haishughuliki na vijidudu peke yake. Hukutana pia na uozo wa majani, mwani na ile rangi ya chai inayoletwa na mto mvua zikianza, na hapo huzaliwa kemikali mpya. Johannes Rook wa Rotterdam alizieleza mwaka 1974, na mwaka huohuo Wamarekani wakazikuta kwenye maji yao wenyewe. Kazini kwetu tunaziita watoto wa klorini. Baadhi zinashukiwa kuleta saratani kwa anayezinywa miaka mingi, ndiyo maana tunazipima. Zinazopimwa zaidi ni nne, kwa pamoja THM (trihalometheni): klorofomu, bromodiklorometheni, dibromoklorometheni na bromofomu. Kundi la pili ni asidi za haloasetiki, HAA.

Hatua ya 1: Vituo. Usichukue mtamboni tu. THM huongezeka kadiri maji yanavyokaa na klorini, kwa hiyo nenda pia kwenye kilula cha mwisho wa laini, na bomba linalopata maji baada ya kulala tenkini. Kwa HAA weka pia kituo cha katikati, maana mwisho wa laini ambako klorini imekwisha kuna bakteria wanaozila, nawe utapata namba ndogo ukadhani maji ni mazuri. Rudia kila robo mwaka, na usikose mwanzo wa masika wala miezi ya joto kali.

Hatua ya 2: Chupa. Kioo, mililita 40, kizibo chenye utando wa tefloni. Omba maabara wakupe zikiwa na thiosulfati ya sodiamu tayari, miligramu 3 hivi kila chupa. Chukua mbili kwa kila kituo.

Hatua ya 3: Bomba. Toa kichujio cha mdomoni kama kipo, fungua maji dakika kadhaa mpaka joto lake litulie.

Hatua ya 4: Kujaza. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, naomba usome polepole.

Chini ya chupa utaona punje nyeupe kama chumvi ya mezani. Hiyo ndiyo thiosulfati, na kazi yake ni kuizima klorini palepale maji yanapoingia. Isipokuwepo, klorini itaendelea kuzaa ndani ya chupa njia nzima, na maabara watapima maji ambayo hakuna mtu aliyeyanywa. Mimi nilikuwa nimezoea sampuli za madini, ambazo chupa unaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujaza. Nikasuuza. Chupa kumi na mbili, zote. Zikakaa siku nne kabla ya kupimwa, barafu ikiwa imeshayeyuka siku ya kwanza. Majibu yaliporudi yalikuwa makubwa kiasi cha kumtisha mkuu wa mtambo, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia nina shaka na mkono wangu. Dozi ya klorini ikashushwa. Wiki ya pili vilula viwili vya mwisho vikasoma klorini sifuri, na sampuli za vijidudu kutoka hukohuko zikaonyesha E. koli, bakteria wa kinyesi. Kuna familia zilikunywa maji yale kwa sababu nilisuuza chupa. Dozi ilirudishwa siku ileile, lakini siku hizi hakuna anayetoka na boksi la sampuli kwangu kabla sijamwona akijaza chupa moja mbele yangu.

Kwa hiyo: USISUUZE. Punguza bomba mpaka maji yatoke membamba kama penseli, bila kurusha. Inamisha chupa, maji yashuke ubavuni taratibu. Ikikaribia kujaa isimamishe, uongeze mpaka maji yatune juu ya mdomo kama mgongo wa kobe, kisha uache hapo. Yakifurika yanaondoka na dawa, yaani ile thiosulfati. Weka kizibo, ule upande unaoteleza wa tefloni ukitazama maji, kaza. Sasa pindua chupa kichwa chini, igonge kwa kucha, iangalie kwenye mwanga. Kiputo kikipanda, fungua, ongeza matone, funga tena. Kikirudi, achana nayo uchukue chupa nyingine. Usiimwage ukaijaza upya, dawa imeshaondoka.

Kiputo kina ubaya gani? Klorofomu haipendi kukaa majini, hukimbilia hewa. Kizibo kikifunguliwa maabara, iliyoingia kwenye kiputo imekwenda zake. Angalia basi: kusuuza kunapandisha namba, kiputo kinaishusha. Ukifanya makosa yote mawili unaweza kupata namba inayopendeza kabisa na isiyo na ukweli wowote.

Kwa HAA ni chupa nyingine, ya kahawia, mililita 250, yenye kloridi ya amonia. Humo hewa kidogo haina neno.

Hatua ya 5: Palepale pima mabaki ya klorini, pH na joto, uandike na saa. Majibu ya THM yasiyo na hivyo vitatu hayana wa kuyaelezea.

Hatua ya 6: Baridi ya nyuzi 4, bila kugandisha. Maabara ndani ya siku 14.

Hatua ya 7: Chupa ya safari. Maabara wajaze chupa moja kwa maji yasiyo na THM, ifungwe, isafiri na wewe kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ikikutwa na klorofomu, tatizo liko kwenye boksi lako.

Hatua ya 8: Kusoma majibu. Marekani jumla ya THM isizidi mikrogramu 80 kwa lita, kwa wastani wa mwaka wa kila kituo. Ulaya ni 100. WHO hawaweki jumla. Wana kiwango kwa kila moja: klorofomu 300, bromodiklorometheni 60, dibromoklorometheni 100, bromofomu 100. Gawanya kila jibu kwa kiwango chake, jumlisha, isizidi 1. Mfano wa kubuni: mji A una klorofomu 180 na bromodiklorometheni 6. Hiyo ni 0.6 na 0.1, jumla 0.7, umepita kwa WHO ingawa mikrogramu ni 186. Mji B uko pwani: 30, 30, 40, 20 kwa mpangilio ule wa juu. Mikrogramu 120 tu, lakini 0.1 + 0.5 + 0.4 + 0.2 ni 1.2. Umezidi. Kwa hiyo anayekuletea jumla peke yake mwombe namba zote nne.

Karibuni maswali.

MASWALI

Fundi Laini: Mkuu, mimi nimejaza kwenye chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, mpya kabisa. Si inafaa?

Mwandishi: Haifai. Hatua ya 2.

Fundi Laini: Lakini nimeiosha vizuri.

Mwandishi: Ni plastiki, haina dawa, na ina hewa. Usiipeleke maabara, utalipia namba ya uongo.

Mzee wa Boza: Kwa maelezo haya basi klorini inaleta saratani. Kwa nini mnaendelea kutuwekea? Bora tuiache.

Mwandishi: Sijasema hivyo, na naomba usinukuu somo langu hivyo kwenye magrupu. Viwango vile vimewekwa kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote. Kipindupindu kinamaliza mtu kwa saa chache. WHO wenyewe wameandika wazi kwamba usafishaji wa vijidudu usidhoofishwe kwa sababu ya kupunguza kemikali hizi. Nimeeleza hapo juu kilichotokea sisi tulipoidhoofisha. Boza lako likifika mtaani lina klorini kiasi gani? Pima kwanza hilo, isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Mama Vilula: Sasa namba zikiwa kubwa kweli na klorini haiguswi, mtu afanye nini?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Unaondoa chakula chake kabla klorini haijafika. Kama mtambo wako unatia klorini maji yanapoingia tu, yakiwa bado machafu, jaribu kuihamishia baada ya kutuamisha, ukihakikisha muda wa klorini kufanya kazi haupungui. Dozi ya shabu ijaribiwe kwenye makopo maji ya mto yanapobadilika, na usitazame weupe tu, maana maji yanaweza kuonekana safi na bado yana uozo ulioyeyuka. Kisha safisha laini za mwisho kwa kufungulia maji, na tenki kubwa lisilotumika ulipunguze kina ili maji yasilale siku tatu. Hayo matatu ya mwisho hayahitaji kununua chochote.

Kijana wa Kidonge: Kile kifaa cha vidonge vya DPD kinapima THM pia?

Mwandishi: Hapana. Kinapima klorini.

Kisima cha Pwani: Shikamoo mwalimu. Kisima chetu kiko karibu na ufuo, maji meupe, hayana majani wala mwani. Majibu yamekuja bromofomu nyingi, klorofomu karibu hakuna. Nilidhani maabara wamechanganya chupa.

Mwandishi: Marahaba. Hawajachanganya. Maji ya bahari yana bromidi miligramu 65 hivi kwa lita. Bahari ikiingia kisimani asilimia moja tu, tayari una zaidi ya nusu miligramu. Klorini huigeuza bromidi kuwa bromini, na bromini inashika uozo haraka kuliko klorini yenyewe, kwa hiyo hata uozo mdogo unatosha. Tena bromini ni nzito, hivyo mikrogramu zinapanda haraka. Fuatilia chumvi ya kisima chako kila wiki, kipima chumvi cha mkononi kinatosha. Ukiona inapanda mnapovuta sana, punguzeni saa za pampu, hapo mtakuwa mmeshughulikia chumvi na bromofomu kwa pamoja. Ukipata mfululizo wa miezi mitatu niletee tuutazame wote.

Mwanafunzi wa Maji: Mwalimu, chuoni hatuna gesi kromatografia, ile mashine ya kupimia THM. Kuna njia ya kuanzia?

Mwandishi: Ipo. Mna spektrofotometa ya mwanga wa UV? Chuja maji kwa karatasi ya mikroni 0.45, tumia kijichupa cha kwatzi (quartz), soma nanomita 254. Unasoma uozo ule unaozaa THM. Haikupi THM, lakini inakuonyesha siku gani mto umebadilika na kama shabu imefanya kazi. Soma maji ghafi na yaliyotuamishwa kila siku wakati wa mvua, halafu peleka sampuli chache za THM siku za juu kabisa na za chini kabisa. Hela ya maabara itapungua sana.

Mama Vilula: Na mlonge? Kijijini kwetu wanatuamisha maji kwa mbegu zake.

Mwandishi: Mlonge unatuamisha vizuri, ila mbegu yenyewe inaacha uozo wake majini, na huo unakula klorini. Wakiutumia, wachuje kwa kitambaa, na wapime klorini baada ya nusu saa, isipungue miligramu 0.5 kwa lita.

Dereva Sampuli: Nyongeza ya safari ndefu: gandisha maji kwenye chupa za soda badala ya barafu ya mapande. Haimwagiki, na lebo hazitoki. Chupa za kioo zivikwe soksi.

Mwandishi: Asante kaka, soksi nitaanza kutumia. Na lebo andika kwa penseli.

Fundi Laini: Mkuu nimepata zile za kioo. Zina unga mweupe chini, nizisuuze kwanza?

Mwandishi: Usisuuze. Nipigie kabla hujafungua hata moja, tujaze ya kwanza pamoja.