SOMO: Kupima kasi ya kuzaa kwa sokwe (viota tuviache)

Mnaniuliza kila mara tutajuaje majike wa sokwe wanazaa kwa kasi gani. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namleta hapa. Mfano ni sokwe wa hifadhi ya Gombe, Kigoma, ila hesabu ni ileile kwa nyani.

1. Mjue kila jike kwa sura. Kuhesabu viota wanavyolala hakufai, mtoto hulala kiota kimoja na mama yake.

2. Chukua majike waliofika umri wa kuzaa tu, kuanzia miaka 12 hivi.

3. Andika tarehe ya kila uzazi. Kama mama alipotea wiki kadhaa, andika tarehe mbili: alipoonekana mwisho bila mtoto, na alipoonekana kwanza naye.

4. Asili ya sehemu (namba ya chini, ya kugawia). Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Hugawi kwa idadi ya majike, unagawa kwa miaka waliyoonekana, yaani miaka-jike. Tuseme majike 10 walifuatiliwa miaka 5 yote, wawili walikufa baada ya mwaka 1, wawili wakahamia kwenye kundi mwaka wa mwisho. 50 + 2 + 2 = 54. Wakizaliwa watoto 9, basi 9 ÷ 54 = 0.167, sawa na mtoto mmoja kila miaka 6. Ukikurupuka na 14 × 5 = 70, unapata 0.129, karibu miaka 8. Kundi lilelile!

Onyo: msichukue wastani wa nafasi kati ya mtoto na mtoto peke yake. Jike aliyezaa miaka 7 iliyopita na hajarudia hayumo humo; wamejaa waliowahi. Kasi inapanda kwenye karatasi tu.

MASWALI (kila muulizaji nimemwita kwa jina la kwao)

Ujiji: Nina viota 40, kasi ni ngapi?
– Hatua ya 1.

Mwanga: Si tugawe tu kwa sokwe wote?
– Hiyo ni kasi ghafi. Kundi lenye madume na watoto wengi litaonekana halizai. Nimeandika "majike" kwa makusudi.

Kasulu: Mtoto akifa, hesabu inaguswa?
– Umeuliza jambo la maana. Kunyonyesha huchelewesha mimba. Mtoto akiishi, mdogo wake huja baada ya miaka 5 au zaidi. Akifa mchanga, mama hushika mimba mapema. Kwa hiyo kasi inaweza kupanda kwa sababu watoto wanakufa! Ongeza safu ya tarehe ya kifo, kisha kokotoa makundi hayo mawili kando.

Kasulu: Asante mwalimu. Nikimkuta mtoto keshakua kidogo?
– Tazama kishungi cheupe matakoni, ni alama ya utoto. Tarehe ya kuzaliwa iandike kama makadirio.

Mwamgongo: Mwandike kwa penseli jamani. Mvua ikikukuta bonde la Kakombe, wino wote unakwenda ziwani.