Ng'ombe mdogo wa maziwa nyumbani: uliza uzito kabla ya lita

Muuzaji atakutajia lita. Wewe muulize uzito, maana ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu (maji yaliyomo hayahesabiwi) karibu asilimia 3 ya uzito wake kila siku, na majani ya tembo mabichi yana ukavu wa asilimia 20 tu hivi. Kilichobaki ni maji. Friesian, aina kubwa ya ng'ombe wa maziwa, wa kilo 600 atahitaji kilo 90 za majani kwa siku; Jersey, aina ndogo, wa kilo 400 atahitaji 60. Pumba na mashudu hupunguza mzigo huo, lakini pengo halifutiki. Kama mkata majani ni mmoja na hubeba kichwani, kamchukue Jersey.

Jersey hufaa hasa nyanda za baridi kama Lushoto, Njombe au Limuru. Maziwa yake ni machache kuliko ya Friesian, ila mafuta hufika asilimia 5, na ukigandisha mtindi utaiona tofauti. Ubaya wake ni kwamba madume hayana bei buchani. Pwani na penye kupe wengi, chotara wa Jersey na zebu (ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu) huhimili zaidi, ingawa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, humuua naye pia: ogesha, na uulize kama alichanjwa. Chotara nusu kwa nusu akilishwa vizuri hutoa lita 6 hadi 10. Zebu mtupu hutoa 1 hadi 3, na wengi hawashushi maziwa mpaka ndama anyonye kwanza.

Uzito usikadirie kwa macho. Asimamishwe sawasawa penye tambarare, uzungushe kamba kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele (futi ya cherehani huishia sentimita 150, haitoshi), kisha upime urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua cha sentimita 165 na urefu wa 140 ni kilo 352 hivi.

Mfungue mdomo. Jozi moja ya meno makubwa ya mbele ni miaka 2 hivi. Jozi nne zikitimia, yuko kwenye 4 au zaidi. Mtamba (jike ambaye hajazaa) aliyezaliwa pacha na dume mwache hata akiuzwa bei ya kutupa: damu zao huchanganyika tumboni, homoni za dume huharibu kizazi chake, na karibu wote huwa tasa.

Ukinunua mtamba wa zebu, uzao wa kwanza mhimilishe kwa mbegu ya Jersey. Ya Friesian huleta ndama mkubwa anayekwama njiani.

Jersey hushikwa sana na homa ya maziwa siku 2 au 3 za mwanzo baada ya kuzaa: masikio ya baridi, analala, shingo ameipinda ubavuni. Usimnyweshe kitu kwa chupa, kitaingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo amtie kalsiamu ya mshipani, polepole. Ikienda kasi moyo husimama.