Kutunza damu ya ng'ombe wa Ankole: hesabu madume kwanza

Ukipita Karagwe, Kyerwa au ng'ambo huko Mbarara, Uganda, bado utaona pembe ndefu kwenye makundi mengi. Pembe hizo zinadanganya. Tangu Friesian aingie kwa ajili ya maziwa, wanyama wengi wenye sura ya Ankole wana bibi au babu chotara. Wale ambao damu haijaingiliwa nao wanapungua, na mara nyingi dume mmoja anapanda kijiji kizima.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea: vinahesabu vichwa. Chukua idadi ya madume wanaopanda, zidisha kwa majike wanaozaa, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya madume na majike. Majike 200 na madume 2 wanakupa takriban 8. Maana yake, kwa upande wa damu, kundi hilo la ng'ombe 202 ni sawa na kundi la ng'ombe 8 tu, na undugu unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 6 kila kizazi. Nunua majike wengine 200: jibu linabaki 8. Lakini wale majike 200 wa mwanzo ukiwawekea madume 15, unafika 56. Kiwango kinachokubalika ni kuanzia 50, ambapo undugu hauzidi asilimia 1 kwa kizazi. Chini ya hapo, baada ya vizazi vichache, utaanza kuona majike wanaochelewa kushika mimba, ndama dhaifu na ndama wenye kasoro za kuzaliwa.

Madume 15 kwa majike 200 ni wengi kuliko mahitaji ya kupanda, kwa kuwa dume mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Mfugaji mmoja hawezi kubeba mzigo huo, na ndiyo sababu kazi hii ni ya kikundi.

Kuzungusha madume

Gawanyeni majike kwenye makundi matano, A hadi E, kila moja majike 40 na madume 3. Majike hawahami kamwe. Madume waliozaliwa A wanakwenda kupanda B, wa B wanakwenda C, mpaka wa E wanarudi A. Mwelekeo haubadilishwi, hata kama jirani wa upande wa pili ana dume mzuri zaidi.

Kila dume apande miaka 2 tu, kisha atoke. Mimba ni kama miezi 9, hivyo siku anapoondoka binti yake mkubwa ana miezi 15 na hajafikia kupandwa. Ukimwachia mwaka wa tatu au wa nne kwa sababu "bado ana nguvu", atawapanda binti zake.

Kila dume arithiwe na mtoto wake mmoja, na kila jike aache mtamba (jike mchanga ambaye hajazaa) mmoja kadiri inavyowezekana. Kanuni hii ni ngumu kumeza, maana kila mtu anataka watoto wa dume yule aliye bora. Ila dume mmoja akizaa nusu ya ndama wote, lile jibu la 56 linabaki la karatasini. Wekeni ndama dume wawili kwa kila baba, kutoka kwa mama tofauti, hadi mmoja athibitike kuwa mzima: korodani zote mbili zimeshuka, zinalingana, na ana hamu ya kupanda.

Msichague kwa pembe kubwa pekee, wala kwa rangi ya bihogo pekee. Rangi hiyo nyekundu iliyokolea inapendwa sana, lakini mkiwaondoa wenye mabaka na weusi mnaondoa koo nzima pamoja na yote yaliyomo ndani yake ambayo macho hayaoni.

Madume wasiotakiwa

Mpango wote unaharibiwa na dume chotara mmoja anayezurura malishoni. Wafugaji wengi wana makundi mawili, Ankole upande mmoja na machotara wa maziwa upande mwingine, nao ni utaratibu mzuri mradi madume wa upande wa pili wawe wamehasiwa mapema, kabla ya mwaka mmoja.

Kwa burdizo, yaani koleo la kuhasi bila kukata ngozi, shika kamba ya mbegu ya upande mmoja, isukumie ukingoni mwa mfuko, bana na ushikilie sekunde 10. Bana tena sentimita 1 chini ya alama ya kwanza. Upande wa pili fanya hivyo hivyo, lakini alama za pande mbili zisikutane katikati. Zikikutana, damu haifiki chini na mfuko unaoza. Kosa la kawaida zaidi ni kamba kuteleza kabla ya koleo kufunga. Kagua baada ya wiki 6: korodani ambayo haijasinyaa bado inafanya kazi. Hata aliyehasiwa vizuri atengwe miezi 2, kwa kuwa mbegu zilizobaki zinaweza kutia mimba.

Nani ni Ankole?

Anzeni na daftari: namba ya hereni, mama, baba, tarehe, jinsia, rangi, mwenye mali. Wazee hukumbuka ukoo wa mama vizazi kadhaa nyuma. Andikeni kabla hawajaondoka.

Kwa kipimo cha vinasaba, ng'oa manyoya 30 hadi 50 ya ncha ya mkia. Usikate, kwa sababu kinachotakiwa ni mzizi. Weka kwenye bahasha ya karatasi, mnyama mmoja bahasha moja, andika namba palepale. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na sampuli inaota ukungu. Chukueni wanyama 40 hadi 50 wasio ndugu, kutoka vijiji tofauti.

Majibu yakirudi, msiwe wakali kupita kiasi. Ankole mwenyewe ni wa jamii ya Sanga, iliyotokana na mchanganyiko wa kale wa ng'ombe wa Afrika wasio na nundu pamoja na zebu, ambao wana nundu. Jike mwenye damu kidogo ya Friesian, lakini wa ukoo ambao hamna mwingine wake, abaki. Apandwe na dume safi.

Magonjwa na kuhamisha

Hamisheni madume wachanga ambao hawajapanda bado, maana dume aliyekwisha panda huweza kubeba trikomona na vibrio, magonjwa yanayoambukizwa kwa kupandana, bila dalili yoyote. Pimeni brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na kifua kikuu, mtengeni siku 30, na mchukue kibali cha afisa mifugo. Dume anayetoka eneo lenye kupe wachache achanjwe ndigana kali kabla ya kusafiri.

Akiba ya mbegu

Dume anayemaliza miaka 2 ya kupanda avunwe mbegu kabla ya kuuzwa. Vituo vyenye kazi hiyo ni NAIC (kituo cha taifa cha uhimilishaji) Usa River kwa Tanzania na NAGRC (kituo cha taifa cha vinasaba vya mifugo) Entebbe kwa Uganda. Lengo ni madume 25 wasio ndugu, mirija 100 ya mbegu kwa kila mmoja, igawanywe sehemu mbili ili mtungi mmoja wa naitrojeni ya kugandishia ukikauka msipoteze vyote. Kiwango cha naitrojeni kipimwe kila wiki kwa kijiti, na mrija usikae juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache.

Mbegu haichukui nafasi ya majike. Ili kupata mtamba mmoja anayefikia kuzaa, hesabu mirija 5 hadi 6. Mkianza na majike wa aina nyingine ya ng'ombe, mnahitaji vizazi vinne kufika asilimia 94 ya Ankole, na ukoo wa mama haurudi kabisa.

Ukame ukibana

Wauzwe kwanza maksai na machotara, kisha majike wazee walioacha binti wawili au zaidi. Jike wa pekee wa ukoo wake hauzwi nje ya kikundi, hata akiwa amekonda. Mwenye malisho zaidi amchukue kwa mkataba wa kurudisha mtamba wa kwanza. Madume waliochaguliwa wapewe mabua na pumba kabla ya wengine.