CB au ham? Namna ya kuchagua redio ukiwa huku Lamu

Kabla hujatoa hata shilingi moja jiulize unataka kuongea na nani na yuko wapi. Redio si simu jamani, kama mwenzako hana ya aina hiyohiyo utabaki unaongea peke yako, na hapo ndo hela za watu wengi zinapopotelea.

CB, yaani redio ya raia wa kawaida (Citizens Band), ni rahisi. Iko kwenye masafa ya 27 MHz (megahezi), chaneli 40, nguvu wati 4 ukitumia AM, njia ya kawaida ya kubebea sauti, na kwa Marekani haina mtihani wala leseni. Huku kwetu usifuate ya Marekani, waulize Mamlaka ya Mawasiliano kwanza. Ubaya wake ni antena, urefu wake ni robo ya wimbi, unakaribia mita 2.75, kwa kidau ni mzigo, na ukiikata iwe fupi nguvu inapotea. Halafu miaka ambayo jua lina madoa mengi mawimbi ya CB yanagonga anga ya juu yanafika mbali, utasikia watu wa nchi za mbali huko wanamfunika mwenzako aliye hapo Matondoni tu.

Ham, yaani redio ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, lazima uwe na leseni, na ukishaipata unapewa jina la kituo, la Kenya kwa kawaida linaanza na 5Z4. Mie naona usumbufu huo una faida yake maana unapata masafa mengi ya kuchagua. Ukishika 144 MHz antena ni nusu mita tu, lakini mawimbi yake yanataka antena zionane bila kizuizi, kwa hiyo antena mbili zilizo mita 2 juu ya maji zinafikishana kama kilomita 11, ukiipandisha moja juu ya paa ghorofani mita 16 unafika kama 22. Nyumba za mawe za mjini na mikoko zinakula hapo, usihesabu kilomita zote. Na ukitaka kuongea na nduguyo Nairobi mchana, unashuka hadi 7 MHz, unatandika waya wa mita 20 kati ya minazi miwili, usiuinue sana, sauti inapanda, inagonga anga ya juu inarudi chini bila mnara wa mtu yeyote. Hilo CB huwezi kulitegemea.

Ila ham haitaki biashara, ukimuuliza mtu bei ya kamba wa baharini ili ukauze umeshavunja sheria.

Sasa nyinyi mnaokwenda bahari kuu, nawaomba sana, hizi zote mbili si za kuokolea maisha. Chukua VHF ya baharini, redio ya vyombo vya majini, nayo ina leseni yake, na chaneli 16 ndiyo ya dharura, meli zinaisikiliza.

Ukishanunua yoyote ile, funga maungio ya antena kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji, yafungue uyaangalie kabla kusi haijaanza, ukiona ukijanikijani kwenye shaba kata ufunge upya, chumvi ya huku haina huruma.