SOMO: Kuchagua trena ya baiskeli ya bei nafuu kwa mazoezi ya nyumbani (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari za jioni. Swali ni lile lile kila siku: "Trena gani ya bei rahisi nikanyagie ndani?" Siwezi kulijibu hivyo, kwa sababu anayeuliza hajasema ana baiskeli gani. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Trena ninayoisema ni ile stendi ya chuma inayobana ekseli ya nyuma ya baiskeli yako mwenyewe, tairi likazungusha roli yenye ugumu. Sababu za kukanyagia ndani wakazi wa Dar tunazijua: Barabara ya Bagamoyo jioni haina huruma na mwendesha baiskeli, saa moja giza limeingia, na Masika ikishashika kuanzia Machi unaweza kumaliza wiki bila kutoka.

Hatua ya 1. Baiskeli iwe nzima. Cheni ipakwe mafuta, breki ya nyuma isiguse rimu.

Hatua ya 2. Pima baiskeli yako kabla ya kutazama bei yoyote.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mtu anaona trena nzuri mtandaoni, analipa, anasubiri mzigo, unafika Kariakoo, anaubeba hadi nyumbani Tabata, na ekseli yake haiingii. Muuzaji yuko China. Hakuna wa kumrudishia.

Inama utazame ubavu wa tairi la nyuma. Pameandikwa namba kama 26 x 1.95 au 700 x 28C. Trena nyingi za kawaida zinapokea kuanzia inchi 26 hadi 700C, na 29 ina rimu sawa na 700C, milimita 622, ila tairi lake ni nene zaidi, kwa hiyo uliza na unene unaokubalika. Baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 haimo kwenye hesabu hiyo: rimu yake ni milimita 635. ONYO: muuzaji akikwambia "28 ni sawa na 700C", mwambie akuandikie milimita.

Halafu tazama ekseli yenyewe. Kama ina kimkono cha kufungulia bila spana, una bahati. Trena nyingi zimetengenezwa kwa hiyo, na kifungio chake cha chuma huja ndani ya boksi. Kitumie hicho, kile cha zamani kitoe, maana kichwa chake hakikai vizuri kwenye vikombe vya trena (vile vinavyobana ncha za ekseli) na baiskeli inaweza kuchomoka ukiwa juu. Kama ina nati mbili, uliza wazi kama vikombe vinapokea nati na za ukubwa gani. Kama ni baiskeli mpya yenye ekseli nene ya kupenya, ya milimita 12, utahitaji adapta yake, na adapta hiyo ni gharama ya pembeni.

Onyo la mwisho ni kwa wenye baiskeli za mtumba za Kijapani zenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Upande wa kulia kuna kijisanduku cha waya wa gia kimefunika mwisho wa ekseli. Kikombe cha trena hakipati pa kushika. Ukilazimisha, unavunja gia. Baiskeli hizo ziacheni barabarani.

Hatua ya 3. Chagua aina.

Ya upepo ni rahisi kuliko zote na inapiga kelele kama feni kubwa. Kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, iache. Ya sumaku ndiyo ninayowashauri wengi: haihitaji umeme, ugumu unaubadilisha kwa waya hadi kwenye usukani, na mtandaoni huko nje zipo za chini ya dola 100. Ya mafuta ni tulivu zaidi, na ugumu unaongezeka wenyewe kadiri unavyokaza mwendo, kwa hiyo hisia yake iko karibu na barabara. Bei yake ni kubwa, na sili ikichoka mafuta yanavuja sakafuni. Trena janja, zinazojibadilisha ugumu kwa kuongozwa na programu kama Zwift, zinaanzia dola 300 hivi kwenda juu, nyingi zinataka umeme, na programu ina malipo ya kila mwezi. Siyo nafuu. Anayetaka jasho na mapafu mazuri hahitaji hiyo.

Hatua ya 4. Bei ni ile ya hadi mkononi mwako. Mzigo wa ndege unatozwa kwa kilo, wa meli kwa ujazo. Trena ya sumaku ina kilo kama 8 hivi, janja inafika 15 hadi 20. Weka na ushuru na VAT ya asilimia 18. Mpe wakala uzito na vipimo vya boksi akupe jumla kabla hujalipa.

Hatua ya 5. Tairi lenye meno ya njia ya vumbi litakupigia kelele na kutikisa nyumba. Weka lisilo na meno.

Hatua ya 6. Jaza upepo kama ilivyoandikwa kwenye tairi, sogeza roli hadi tairi libonyee milimita mbili au tatu. Jaribu kuizungusha roli kwa mkono huku umeshika gurudumu: isiteleze. Ikiteleza tairi linakatika upesi. Ikibana mno, vilevile. Ukimaliza mazoezi legeza.

Hatua ya 7. Feni. Watu wanaidharau. Nje unapata upepo wa mwendo, ndani huna, na unyevu wa Dar haukaushi jasho. Feni ya kusimama ikupige kifuani, maji karibu, taulo juu ya usukani na bomba la frem. Jasho lina chumvi, linakula boliti za usukani kimyakimya. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, kila siku.

---

MASWALI YA WADAU

Chipsi Mayai: Mkuu bei gani hiyo?

Mtoa somo: Ipi? Hatua ya 3 na ya 4.

Chipsi Mayai: Ya sumaku. Nitumie na namba ya muuzaji.

Mtoa somo: Siuzi, na sina muuzaji wa kumpigia debe. Andika hapa namba iliyo kwenye tairi lako na aina ya ekseli, nitakwambia utafute ipi.

Mama Ilham: Asante kaka kwa somo. Nimeshuka chini kuangalia, ni 26 x 1.95 na ekseli ina kimkono. Ila nakaa ghorofa ya tatu Sinza, na jirani wa chini ana mtoto mchanga. Kuna namna?

Mtoa somo: Dada, ipo. Kinachomfikia jirani sana ni mtikisiko kupita kwenye sakafu, kuliko sauti ya hewani. Anza na tairi lisilo na meno, hilo peke yake linapunguza mengi. Chini ya miguu ya trena weka mpira mnene, mkeka wa plastiki hausaidii. Weka karibu na ukuta wa nje au nguzo, katikati ya chumba sakafu hucheza zaidi. Halafu ongea naye akutajie saa anazolala mtoto. Kwa baiskeli yako sumaku inakutosha kabisa.

Mzee wa Mbagala: Nina Phoenix. Itaingia?

Mtoa somo: Hatua ya 2, aya ya pili.

Mzee wa Mbagala: Nimesoma. Nauliza kama fundi anaweza kuchomelea.

Mtoa somo: Samahani mzee wangu, hilo ni swali jingine. Fundi anaweza kurefusha stendi, ila roli isipokaa sambamba na tairi italitafuna upande mmoja, na sehemu iliyochomelewa inabeba uzito wako wote ukikanyaga kwa nguvu. Nisingekupa ushauri huo. Tafuta gurudumu la nyuma la 700C lenye ekseli inayokaa kwenye frem yako. Kwenye trena hutahitaji breki, kwa hiyo rimu kuwa ndogo si tatizo. Fundi akuhakikishie cheni imenyooka.

Kitambi Kiondoke: Ndani ya wiki mbili nitakuwa nimepungua kilo ngapi?

Mtoa somo: Sijui uzito wako, chakula chako wala afya yako. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anza na dakika 20 kwa siku. Kama una presha au moyo, daktari kwanza.

Mwanafizikia wa Kimara: Hiyo ya sumaku inakuwaje ngumu bila umeme wala kugusana?

Mtoa somo: Swali zuri hili. Roli inazungusha kisahani cha chuma karibu na sumaku. Chuma kikipita kwenye uga wa sumaku, mikondo midogo ya umeme inazaliwa ndani yake, na mikondo hiyo inazaa sumaku inayopinga mwendo. Kile kiwaya cha usukani kinazisogeza sumaku karibu au mbali, basi. Nguvu zako zinageuka joto, ndiyo maana baada ya nusu saa hiyo sehemu ni ya moto. Wenye watoto wadogo zingatieni: joto hilo na spoki zinazozunguka ni hatari kwa vidole.

Fundi Umeme Buguruni: Naongezea kwa wanaofikiria baiskeli za mazoezi za mtumba. Japani umeme wao ni volti 100, Marekani 120, sisi 230. Soma kibandiko cha adapta. Ikiwa INPUT 100–240V, chomeka. Ikiwa 100V tupu, usijaribu, utaunguza skrini.

Mtoa somo: Shukrani fundi. Na kwa baiskeli hizo, ya sumaku inayotumia betri ndogo za skrini ndiyo haina shida. Kaeni juu muizungushe kabla ya kulipa, msikilize beringi.

Mama Ilham: Swali la mwisho kaka. Jumapili huwa naendesha nje. Nibadilishe tairi kila mara?

Mtoa somo: Hapana dada, utachoka. Tafuta gurudumu la pili la nyuma, la mtumba linatosha, lenye idadi ileile ya gia, ulivalishe tairi lisilo na meno likae la trena tu. Kubadilisha ni dakika mbili kwa ekseli yako. Kama breki zako ni za diski na mafuta, usibonyeze kabisa mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Vibao vitabana na diski haitaingia tena mpaka uvitanue. Chomeka kipande cha kadibodi katikati yake.

Chipsi Mayai: 700 x 35C, nati mbili. Nimepiga picha.

Mtoa somo: Safi. Pima nati kwa spana, nadhani ni ya 15. Kisha muulize muuzaji kama vikombe vya trena yake vinapokea nati ya 15, akujibu kwa maandishi. Akisema ndiyo, chukua ya sumaku.