Somo: kumfuga vunjajungu na kumtazama akiwinda

Vunjajungu wengi wanaofugwa hawafi kwa njaa. Hufa wakijivua ngozi, kwa sababu chombo ni kifupi au kuta zinateleza. Ndiyo maana tunaanza na nyumba, chakula baadaye.

1. Chombo. Tafuta mtungi wa plastiki wa mdomo mpana, urefu usipungue mara tatu ya mdudu mwenyewe, upana mara mbili. Kifuniko weka kando. Funga kipande cha chandarua kwa mpira, maana hapo ndipo atakaponing'inia. Simamisha kijiti mshazari ndani. Joto la Malindi latosha, ila usimweke dirishani penye jua.

2. Kumpata. Pekua asumini, kunde na majani marefu, hasa baada ya masika. Ukikuta kifuko cha mayai, yaani povu la kahawia lililokauka kwenye kijiti, kata kijiti chenyewe na ukitundike vile vile kilivyokuwa. Kikiwa na vitundu vya mviringo ubavuni, vinyigu wadogo wameshayala mayai na kutoka. Tunutu, yaani vunjajungu wachanga, hutoka wengi kwa pamoja. Watenganishe mapema, la sivyo watalana.

3. Chakula. Tunutu wape vijinzi vya ndizi mbivu. Wakikua, nzi, nondo na mende wadogo. Windo lisizidi nusu ya mwili wake, liwe hai, kwa kuwa jicho lake hufuata kinachocheza. Sisimizi usimpe, wala mdudu aliyepuliziwa dawa. Mkubwa hula kila siku mbili au tatu: tumbo likiwa bapa mlishe, likiwa limejaa ngoja. Nyunyizia ukuta wa chombo maji mara moja kwa siku, anywe matone.

4. Mawindo. Hapa usiwe na haraka. Nzi akiingia, vunjajungu hugeuza kichwa peke yake, mwili hauchezi. Kisha huyumba kidogo huku na huku. Kuyumba huko humsaidia kupima umbali, na macho yake mawili yanayotazama mbele hufanya kazi hiyo hiyo. Pigo lenyewe huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hulioni ila matokeo: nzi yumo kati ya safu mbili za miiba, na analiwa angali hai. Akimaliza husafisha miiba kwa mdomo, mguu mmoja baada ya mwingine, akapangusa na macho.

5. Kujivua ngozi. Akikataa chakula na kuning'inia kimya, toa kila windo humo; mende aliyebaki humtafuna yeye. Nyunyiza maji kidogo. Usimguse hadi kesho yake, kwani ngozi mpya ni laini na akianguka, miguu au mbawa hukauka zimepinda. Mchanga aliyepoteza mguu huweza kuuotesha tena akijivua mara nyingine.

MASWALI (kila swali na mahali lilikotoka)

Watamu: Maalim, lile doa jeusi jichoni hunifuata kila niendako. Ananitazama?
Jibu: Si mboni, ndugu yangu. Jicho lina vilenzi vingi, na vile vinavyokuelekea wewe barabara havirudishi mwanga, basi huonekana vyeusi. Usiku jicho zima huwa jeusi.

Ngala: Nyanya asema ana sumu, watoto wasimshike.
Jibu: Hana sumu wala hachomi. Mkubwa huweza kukwaruza kwa miiba, basi. Mwache apande mkononi mwenyewe, usimbane kiuno.

Shela: Nataka kuwapandisha. Je, jike atamla dume?
Jibu: Hutokea, zaidi jike akiwa na njaa. Mshibishe siku kadhaa kabla, tumia chombo kikubwa, na umtoe dume wakiachana. Ukitaka kuwatambua, hesabu pingili chini ya tumbo: jike 6, dume 8.

Maweni: Mbona kwenye taa ya baraza naona madume tu?
Jibu: Jike mwenye mayai ni mzito, haruki vizuri. Dume huruka usiku akifuata harufu ya jike, na taa humvuta. Popo wapo pia saa hizo, lakini ana sikio moja chini ya kifua linalosikia milio yao. Akiisikia hujitupa chini. Ukimwokota sakafuni kwa hiyo, usidhani ni mgonjwa. Mrudishe kwenye jani.